Kompyuta ijayo: wenzetu wanabashiri sura, sisi tuulize skrubu

Kila Apple inapokaribia kutoa kompyuta mpya ya mezani, kuna watu huko Marekani na Ulaya hawalali. Wanachora kompyuta ambayo bado haijazaliwa. Mmoja anaichora nyembamba kama sahani, mwingine anaifanya kioo kitupu kisicho na fremu. Wa tatu anaapa kwamba jamaa yake kiwandani China ameiona kwa macho yake na kitufe cha kuwashia kimehamia chini. Baada ya wiki mbili kompyuta inatoka, na nusu ya wachoraji wanaanza kulalamika kwamba si ile waliyoichora.

(Wale wa "tarakilishi" na wale wa "ngamizi" mnivumilie leo. Nitaandika kompyuta, maana hata fundi wa Kariakoo ndivyo anavyoiita. Ugomvi ule tuuweke kiporo.)

Nakiri mchezo huu naupenda, na kwa mtu wa magazeti una visa vitamu kweli. Januari 2002 Apple walikuwa wamefichaficha iMac yao mpya, ile yenye tumbo la duara na shingo ya chuma iliyoshika skrini mithili ya ua la alizeti. Steve Jobs alipanga kuifunua jukwaani asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo tovuti ya toleo la Canada la jarida la Time ikaachia habari nzima na picha zake. Mhariri yeyote anayesoma hapa anajua simu iliyofuata ilikuwa ya namna gani.

Kisa cha pili ndicho kinachonigusa zaidi. Mwishoni mwa Desemba 2004 tovuti iitwayo Think Secret iliandika kwamba inakuja Mac ndogo ya mezani isiyo na skrini, bei yake dola 499. Aliyekuwa anaiendesha ni Nicholas Ciarelli, kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa Harvard, ambaye alianza kazi hiyo akiwa na miaka 13. Tarehe 4 Januari 2005 Apple wakamshtaki. Tarehe 11 Januari, wiki moja tu baadaye, wakatoa Mac mini: ndogo, haina skrini, dola 499! Kesi ilidumu hadi Desemba 2007 na ikaisha kwa makubaliano. Hakutaja chanzo chake, ila tovuti ikafungwa. Yaani dogo alipatia kila kitu, na malipo ya kupatia yakawa kufunga duka.

Sasa tuje Bongo.

Swali langu ni moja. Hapa Tandika, Mwananyamala, Mbagala Rangi Tatu au Tandale, sura ya kompyuta yetu ijayo inaamuliwa na nani? Maana hatubashiri chochote. Sisi kompyuta yetu ya kesho tunaweza kuiona leo, ipo kazini inapiga mzigo kwenye ofisi fulani ya bima Uingereza au chuo fulani Uholanzi. Mwaka watakaoichoka itaingia kontena, ipite Dubai au ije moja kwa moja, ishuke bandarini, ipangwe Kariakoo imefutwafutwa vumbi na kubandikwa karatasi ya bei. Kwa hiyo anayebashiri sura ya kompyuta mpya ya leo, bila kujua, anabashiri sura ya kompyuta ya steshenari ya Temeke miaka saba au nane ijayo.

Kuna kipindi tulikataa kabisa kuletewa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, dude la Waingereza la aina ya ICT. Mambo yakaharibika huko huko kwenye hesabu za serikali, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Leo watu wanaicheka ile amri. Mimi siicheki sana. Ilituchelewesha, hilo halina ubishi, lakini angalau kuna mtu mzima alikaa akauliza: hiki kitu tukiletewa, nani atakitengeneza kikiharibika, na kwa fedha gani? Jibu lao lilikuwa baya, lakini swali nalitaka lirudi.

Marufuku ilipolegezwa, kompyuta ilikuja na adabu zake. Waliosoma kwenye vituo vya kompyuta miaka ya mwanzo ya 2000 wanakumbuka: unavua viatu mlangoni, chumba kina kiyoyozi kuliko cha mkurugenzi, na kila monita imevishwa kitambaa cha kufumwa kama kochi la bibi harusi. Monita zenyewe zilikuwa za chogo, nzito kiasi kwamba kuihamisha moja mlihitaji kushikana wawili. Kasha la chini tukaliita CPU, na mpaka leo ni CPU, hata mhandisi akukosoe mara ngapi. Lilikuwa limelala chini ya monita, baadaye likasimama. Rangi yake ya maziwa baada ya miaka miwili ya vumbi la Bongo ikawa ya chai ya maziwa.

Lakini lile kasha baya lilikuwa na sifa moja kubwa, nayo ni kwamba lilifunguka.

Nendeni mkakae nusu siku kwenye steshenari yoyote karibu na chuo, tuseme kule Chang'ombe vijana wa DUCE wanakopita, mtaelewa ninachosema. Pale kompyuta ya mezani si pambo. Ni duka lenyewe. Anakuja binti kuomba mkopo Bodi ya Mikopo na vyeti vyake vinaskaniwa hapo. Anakuja kijana wa Ajira Portal, barua ya maombi anaichapa kwa kusimamia bega la mwenye duka. Anakuja fundi ujenzi anayetaka kusajili kampuni BRELA au kuomba zabuni NeST, hana kompyuta wala hana mpango nayo. Wengine wanataka picha za pasipoti, kadi za harusi, barua ya serikali ya mtaa. Kompyuta moja, printa moja, na pengine familia mbili zinakula pale. Simu janja imechukua mengi, lakini jaribu kujaza fomu ya zabuni yenye viambatanisho kumi na viwili kwa kidole gumba, uniletee majibu.

Siku hiyo kompyuta inagoma. Inalia bip, bip, bip, skrini nyeusi. Anaitwa fundi, anakuja na bisibisi moja na ufutio. Ndiyo, ufutio wa shule! Anafungua kasha, anachomoa memori, anasugua yale meno ya dhahabu kwa ufutio, anarudisha, anawasha. Imewaka. Au umeme umekatika usiku, na asubuhi kompyuta inaamini iko mwaka 2009, kwa hiyo kila tovuti ya serikali inakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Fundi anafungua, anatoa betri ndogo ya duara kama shilingi, anaweka mpya, anarekebisha tarehe, biashara inaendelea. Feni imejaa vumbi la barabara? Blowa. Diski imekufa? Inawekwa ya kielektroniki, ile isiyozunguka, na mashine ya miaka kumi inaamka kama imeoga. Hata zile Dell OptiPlex za 2003 hadi 2005, zilizopata sifa mbaya duniani kwa kapasita kuvimba na kuvuja, mafundi redio wa uswahilini walikuwa na uwezo wa kuzifufua kwa waya wa risasi na kapasita mpya nne.

Nani alipanga OptiPlex ifunguke bila hata bisibisi, kwa kuvuta kishikio tu? Hakupanga kwa ajili ya Tandika. Alipanga kwa ajili ya idara ya TEKNOHAMA ya benki ya Ulaya yenye kompyuta elfu tatu, isiyotaka kupoteza dakika ishirini kwa kila moja. Sisi tukafaidi makombo ya busara ile. Na hapa ndipo ninapotaka tuangalie hii biashara ya kubashiri sura kwa jicho jingine.

Chukua hiyo hiyo Mac mini aliyoiandika Ciarelli. Ya mwaka 2005 ilikuwa haina skrubu hata moja inayoonekana. Watu waliifungua kwa lile bapa la rangi wanalotumia mafundi wa kupiga lipu kukwangua ukuta, unalipenyeza pembeni, unaomba Mungu, inatoa mlio wa kuvunjika, inafunguka. Tabu, lakini ndani memori ilichomoka. Ya 2010 ikaja na mfuniko wa chini unaozungushwa kwa mkono, safi kabisa. Ya 2014 memori ikachomelewa kwenye ubao. Ya 2018 ikarudi ya kuchomoka, watu wakashangilia. Ya 2020, yenye chipu ya M1, memori ikawa imekaa kwenye kifurushi kimoja na chipu yenyewe, mwisho wa habari. Kisha ikaja ya Oktoba 2024, ile ambayo Mark Gurman wa Bloomberg alishabashiri miezi michache kabla kwamba itakuwa ndogo ajabu. Akapatia. Sentimita kama 13 kwa 13, kimo sentimita 5, na kitufe cha kuwashia kweli kimewekwa chini ya tumbo. Dunia nzima ikabishana kuhusu kitufe kwa mwezi mzima. Jamani, kitufe!

Au iMac ya 2021. Rangi saba, nyembamba milimita 11 na nusu. Nyembamba kiasi kwamba tundu la spika za masikioni limehamia ubavuni kwa sababu pini ni ndefu kuliko unene wa kompyuta, na tundu la waya wa mtandao likahamishiwa kwenye adapta ya umeme iliyokaa sakafuni. Inapendeza, sikatai. Nikiiona kwenye studio za kuhariri video pale Kinondoni natamani. Ila jiulize ikifika mtumba mwaka 2030: skrini, chipu, memori, vyote mwili mmoja. Ubao wa ndani ukifa kwa radi au kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, ile skrini nzuri huwezi hata kuichomekea kompyuta nyingine uitumie kama monita. Monita ya chogo iliweza kuhama kutoka CPU iliyokufa kwenda CPU hai mara tano. Hii ya rangi saba inazikwa na mume wake siku moja.

Nitapingwa, na nimeshapingwa kijiweni na mshkaji anayefanya kazi za kompyuta mjini. Hoja yake ina uzito. Anasema kubana vitu pamoja si roho mbaya tu. Memori ikikaa jirani kabisa na chipu, data inasafiri haraka zaidi na kwa umeme mdogo. Na anao mfano unaouma. Framework, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa kompyuta mpakato ambazo kila kipande unabadilisha mwenyewe, Februari 2025 ilitangaza kompyuta yake ya kwanza ya mezani, na memori imechomelewa! Wenyewe wakaeleza kwamba kwa chipu ile waliyoichagua hawakuwa na njia. Kama hata hao wameshindwa, anasema, wewe wa Temeke unalilia nini? Tena akaongeza: simu yako nayo haifunguki, mbona hulalamiki?

Simu yangu ikifa, nimekufa mawasiliano siku mbili. Kompyuta ya steshenari ikifa, duka limefungwa, na binti wa mkopo amepitwa na tarehe ya mwisho. Hizo si hasara za kulinganisha. Halafu si kweli kwamba simu haifunguki: pita Makumbusho uone wanavyozifungua kwa hewa ya moto mchana kweupe. Mafundi wetu hawashindwi na kitu kigumu. Wanashindwa na kitu ambacho vipuri vyake havipo popote, au ambacho kukitengeneza ni ghali kuliko kukinunua. Kuhusu kasi, nakubali, kwa anayehariri sinema ni jambo kubwa. Lakini kuchapa barua ya maombi ya kazi, kuskani cheti na kutoa kopi hakujawahi kudai kasi hiyo, na ndiyo kazi ya kompyuta nyingi za mtaani kwetu.

Kuna watakaosema basi tuzuie mitumba yote, tusiwe dampo. Uganda walitangaza katika bajeti yao ya mwaka 2009 kupiga marufuku kompyuta zilizotumika, pamoja na friji na televisheni. Naielewa hasira hiyo. Ila kompyuta inayofunguka si taka, ni akiba ya vipuri. Mashine nne mbovu zinazaa mbili nzima, kila fundi wa Kariakoo anaijua hesabu hiyo. Inageuka taka pale isipoweza kutoa hata kipuri kimoja, na hapo ndipo safari ya Pugu Kinyamwezi inapoanza. Kwa hiyo ninayemuogopa si mleta mtumba. Namuogopa mchora sura wa leo, ambaye hajui kwamba mteja wake wa tatu yupo Mbagala.

Sasa nami nibashiri, maana mchezo ni wa wote.

Wimbi linalokuja Dar halina uhusiano na Apple kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifikisha mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 rasmi haikubali chipu nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, yaani zile za kabla ya mwisho wa 2017. Maofisi ya Ulaya yanazitupa mashine ambazo hazina ugonjwa wowote zaidi ya tarehe ya kuzaliwa. Na nyingi kati ya hizo ni vile viboksi vidogo: ThinkCentre Tiny za Lenovo zilizoanza mwaka 2012, OptiPlex Micro za Dell, na zile ndogo za HP. Sentimita 18 kwa 18, unene sentimita tatu na nusu. Kama umeona kitu chenye ukubwa wa kitabu kinene kimelala kando ya monita benki, ndicho hicho.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sura nzuri kuliko zote ambazo kompyuta ya mezani imewahi kuwa nazo kwa mazingira yetu, na hakuna aliyeichora kwa msisimko. Ina skrubu moja nyuma. Ndani memori ni ile ile ya kompyuta mpakato, inachomoka, na diski inachomoka. Zilizo nyingi hata chipu inachomoka. Umeme inakula kidogo, inatumia adapta kama ya kompyuta mpakato, kwa hiyo UPS ya bei ndogo au hata betri ya sola inaibeba vizuri kuliko lile kasha la zamani lenye monita ya chogo, lililokuwa likiila LUKU kama pasi. Tuliopitia mgao wa 2006 na wa 2011 tunajua thamani ya hilo. Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha tangu Februari 2024, sawa, lakini nguzo ya mtaani kwako ikianguka bwawa halikusaidii.

Kasoro zake? Ya kwanza ni vibaka. Kasha la zamani mwizi alihitaji mkokoteni, hii inaingia kwenye mfuko wa shule. Nyuma ina tundu la kufungia mnyororo, litumieni. Ya pili ni adapta. Watauza kiboksi bila adapta, au na adapta feki isiyofikisha nguvu, halafu mashine itazimika ukianza kuprinti na utalaumu Windows. Ukienda kununua dai adapta yenye jina la kampuni ile ile ya kiboksi, na wati zake zisipungue zile zilizoandikwa kwenye kiboksi. Uliza pia chipu ni ya kizazi cha ngapi. Cha sita na cha saba vitashuka bei sana, na kwa steshenari vinatosha, ila jiandae kuweka Linux au kutafuta njia nyingine ya kupata ulinzi, maana mashine inayopokea flashi za watu hamsini kwa siku bila ulinzi ni zahanati isiyo na sabuni.

Baada ya wimbi hilo, kufikia 2032 au 2033, zitaanza kushuka zile zinazozinduliwa sasa hivi, zile memori na chipu mwili mmoja. Hapo sijui ufutio utasugua nini.

Kwa hiyo mkiona tena mchoro wa iMac kubwa inayosubiriwa tangu ile ya inchi 27 iondolewe sokoni mwaka 2022, msiishie kwenye rangi. Ile ya inchi 27, hadi toleo lake la mwisho la 2020, ilikuwa na kimlango nyuma cha kubadilishia memori. Mimi nabashiri mpya, ikija, haitakuwa nacho. Anayebisha tuandikishane, dau ni chipsi mayai pale Mwananyamala.